Kwa nini mwendo wa paka unakatikakatika kwenye mapigano
Intaneti yako haina kosa. Umeuliza kwa nini filamu ya katuni Puss in Boots: The Last Wish (2022) inakwenda laini, halafu mapigano yakianza mwendo wa paka unaonekana kukatikakatika. Imefanywa makusudi! Filamu ina picha 24 kwa sekunde, na kwenye mapigano yale mkao mmoja unashikiliwa kwa picha mbili au zaidi, hivyo kila pigo linakaa machoni kama mchoro. Mbinu hiyo inapendeza zaidi katika Spider-Man: Into the Spider-Verse (2018). Angalia pale msituni wanapobembea: Miles, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, ana mikao 12 kwa sekunde; Peter, Spider-Man mzoefu, ana 24. Mwanagenzi na fundi unawatofautisha kwa mwendo tu, kabla hawajasema neno.

Kinachoharibu ni televisheni inayojitungia picha za ziada na kuziingiza katikati ya picha za filamu. Mikono na masharubu yanaacha ukungu pembeni. Zima hiyo kwenye mipangilio ya picha (LG huiita TruMotion, Sony Motionflow), au chagua Filmmaker Mode, mpangilio unaoonyesha filamu kama ilivyotengenezwa, kama ipo. Sauti nayo ikikatika, hapo ndipo ulaumu intaneti.