Maswali ya Wasomaji: Makumbusho ya Bure Yenye Mtambo Unaozunguka

Mhariri, assalaam alaykum. Mwanangu anasoma California, na In shaa Allah mwezi wa saba nitakwenda kumtazama. Ananiambia San Francisco kuna makumbusho madogo ya gari za mjini zinazovutwa kwa kamba, na kuingia ni bure. Yako wapi, yanafunguliwa saa ngapi, na kuna nini hasa cha kutazama? Nataja mapema kuwa magoti yangu hayataki milima.
*Mama wa Kikwajuni*

Wa alaykumu salaam, mama. Jengo liko namba 1201 mtaa wa Mason, kwenye kona ya Washington. Jumatatu limefungwa. Jumanne hadi Alkhamisi hufunguliwa saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, na Ijumaa hadi Jumapili huongezwa saa moja zaidi, hadi saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa zetu. Mlangoni utakuta imeandikwa 10 hadi 4, na 10 hadi 5.

Bure ni mlango tu. Gari za kebo zenyewe, yaani hizo zinazovutwa kwa kamba, ni ghali kuliko basi: mwaka 2020 nauli ya safari moja ilipandishwa ikafika dola 8, kwa hiyo mwambie mwanao aangalie bei ya sasa kabla hujatoka nyumbani. Na tiketi ya safari moja haina kuunganisha. Ukishuka kutazama makumbusho kisha ukapanda tena, unalipa upya. Ndiyo maana watu wengi hulalamika kwamba makumbusho ya bure yamewagharimu. Mkikusudia kupanda zaidi ya mara moja, nunueni tiketi ya siku nzima.

Sasa magoti. Wenyeji watakushauri uchukue njia ya California kwa sababu foleni yake ni fupi, ushuke Mason juu kabisa ya kilima, kisha uteremke kwa miguu mitaa mitatu hadi Washington. Ushauri mzuri kwa kijana. Goti bovu huumia zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye mlima, basi wewe ivumilie foleni ya Powell na Market. Panda gari yoyote ya hapo, iwe ya Hyde au ya Mason, zote hupita njia moja mpaka mtaa wa Jackson. Shuka Jackson na Mason. Ubavu wa jengo unaanza hapo hapo, umebakiwa na mtaa mmoja kufika mlangoni. Foleni hujaa mchana, hivyo ifikie mapema, makumbusho yakifunguliwa uwe uko karibu.

Chukua sweta na kilemba kizito. Mwezi wa saba mji ule huwa na ukungu na upepo wa bahari, na mchana joto halizidi sana nyuzi 19. Wageni wengi huja na nguo za kiangazi wakaishia kununua makoti barabarani.

Ndani, usianze na picha za ukutani. Nenda kwanza roshani inayotazama mitambo, kwa sababu jengo hili si ghala la vitu vilivyokufa: ndipo kamba zote za mji zinapovutiwa, na magurudumu unayoyaona yanazivuta gari zilizoko barabarani dakika hiyo hiyo. Kelele ni kubwa. Mwenye masikio mepesi aweke pamba. Kisha teremka chumba cha chini chenye kioo, ambako kamba huingia kutoka chini ya barabara na kugeuzwa na kapi kubwa za chuma. Ni kiza kidogo, na simu itapiga picha ya kioo badala ya kapi usipoibandika kamera kabisa kiooni na kuzima mmweko. Mwisho ndiyo gari kongwe. Itafute namba 8 ya Clay Street Hill Railroad. Kampuni hiyo, ya Andrew Smith Hallidie, ndiyo iliyoanza kazi hii mwaka 1873, na gari hii ndiyo pekee iliyobaki katika gari zake. Karibu yake zipo namba 46 na tela namba 54 za Sutter Street. Saa moja inatosha.

Mimi ni fundi mashine. Nimeona video ya gari hizo zikipanda kilima kikali bila moshi wala waya wa umeme juu. Nguvu inatoka wapi, na kamba ikikatika inakuwaje?
*Fundi, Mtoni*

Gari haina injini wala mota. Nguvu iko katika jengo lile la Mason. Kamba ni nne, kila moja na jina la njia yake: Powell, Mason, Hyde na California. Kila kamba ina mota ya umeme ya nguvu za farasi 510. Zinazunguka chini ya barabara bila kusita kwa mwendo mmoja tu, maili 9.5 kwa saa, yaani kilomita 15 na ushei. Katikati ya reli mbili kuna ufa mwembamba. Koleo la gari hupenya ufani humo, na mshika koleo akivuta mkono wa chuma, meno hubana kamba na gari ikaondoka. Ni kama kijana wa baiskeli anayeshika nyuma ya lori la mchanga: akitaka kwenda anashika, akitaka kusimama anaachia.

Mafundi wengi hulisahau jambo moja. Gari inayoteremka huku imeshika kamba haiwezi kuipita kamba kwa kasi, kwa hiyo kamba inakuwa breki yake. Na uzito wake unaisukuma kamba, ukawasaidia wanaopanda upande wa pili. Mota hulipa tofauti iliyobaki na msuguano, ambao kwa kweli ndio mwingi, maana kamba ya California peke yake ni ndefu zaidi ya kilomita 6 na yote inaburuzwa juu ya kapi hata kama hakuna gari hata moja.

Kamba yenyewe ina unene wa inchi 1 na robo, karibu milimita 32. Imesukwa kwa nyuzi kubwa 6, kila moja ina waya 19, zimezungushwa kwenye moyo wa katani. Hupakwa lami ya msonobari, na hiyo si kwa kuzuia kutu peke yake. Koleo likianza kubana, lami huiacha kamba iteleze kidogo ndani ya meno, gari ikapata mwendo taratibu. Kamba kavu ingeivuta gari kwa mshtuko, abiria waliosimama ubaoni wakaanguka. Meno ya koleo ni ya chuma laini makusudi, yalike yenyewe isilike kamba, na hubadilishwa kila baada ya siku chache.

Kukatika kabisa ni nadra. Kinachotisha ni uzi mmoja kuchomoka. Uzi huo hujiviringa kwenye koleo, mshika koleo anaachia lakini gari haiachiki, inaburuzwa na kamba mpaka mtambo uzimwe. Kwa hiyo viko vitambuzi vinavyoguswa na uzi uliochomoka, vikisimamisha kamba nzima. Ukiwa kwenye gari ikasimama ghafla na gari nyingine za njia hiyo nazo zimesimama, kuna uwezekano mkubwa ni hilo.

Kosa la pili ni la binadamu. Pale Powell inapokata California, kamba ya California hupita juu ya ile ya Powell. Mshika koleo wa gari ya Powell lazima aiachie kamba kabla ya njia panda, avuke kwa kasi aliyobaki nayo, kisha aishike tena ng'ambo. Asipoachia, koleo lake linagonga kamba ya wenzake. Akiachia mapema mno hukosa kasi, akakwama katikati. Kutoka kwenye benchi la pembeni utaona mikono yake ikifanya kazi hiyo.

Breki ni za aina tatu. Za magurudumu ni za kawaida. Za reli ni vipande vya mbao laini vinavyokandamizwa juu ya reli, navyo pia huisha kwa siku chache. Moshi mdogo wenye harufu ya mbao mteremkoni ni huo. Ya tatu ni ya dharura: kabari ya chuma inayosukumwa ndani ya ufa wa barabara. Inashika kweli, lakini mara nyingi haitoki tena mpaka ikatwe kwa moto wa gesi.

Na kamba mpya hurefuka. Ndiyo maana katika chumba cha mitambo utaona gurudumu moja la kila kamba limepandishwa juu ya kigari chenye reli zake. Kigari kinarudi nyuma kadiri kamba inavyolegea. Kikifika mwisho wa njia yake, kamba hukatwa kipande na kuungwa upya kwa kusukwa, usiku, gari zikiwa zimelala ghorofa ya juu ya jengo hilo hilo.

Mtandaoni nimeona makumbusho mawili San Francisco, moja "Cable Car" na jingine "Railway". Ni kitu kimoja?
*Msomaji, Wete*

Hapana. La pili liko namba 77 mtaa wa Steuart, karibu na Ferry Building, lilifunguliwa 2006 na linaendeshwa na Market Street Railway, jumuiya ya wapenzi wa tramu. Nalo ni bure, na ni chumba kimoja tu. Habari zake ni za tramu za umeme, zile zinazochota umeme wa volti 600 kutoka waya wa juu. Kwa mtoto ni bora kuliko la kwanza, kwani wamejenga mfano wa mbele ya tramu ya 1911 na anaruhusiwa kushika mikono ya dereva. Ukitoka, simama nje utazame njia ya F, ambayo tramu kongwe, zikiwemo za Milan za 1928, bado zinabeba abiria.

Sisi ni vijana wa Bububu. Tumepewa chumba kimoja skulini na tunataka onyesho dogo la gari la moshi lililokuwa likija kwetu. Fedha hatuna. Tuanze na nini?
*Kikundi cha vijana, Bububu*

Anzeni kwa kutochanganya reli mbili. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alikuwa na reli yake ya kwendea Chukwani zama za utawala wake. Yenu ni nyingine: ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney, ikaanza 1905, urefu maili 7 hivi kutoka Ngome Kongwe, na ikaacha kubeba abiria 1922. Kibao kimoja kikisema hivyo kinatosha. Msizidi maneno 50 kwa kibao. Hakuna anayesoma zaidi akiwa amesimama.

Kisha nendeni Nyaraka za Taifa, Kilimani, mkiwa na barua ya skuli. Ombeni picha na ramani, na mwulize upana wa reli uliorekodiwa. Mkiupata, chora mistari miwili sakafuni kwa upana huo huo. Rangi ya chokaa na brashi, na watoto watasimama katikati yake bila kuambiwa.

Picha za wazee msizitundike. Mziskani kwa doti 600 kwa inchi, mrudishe asili kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, na mtundike nakala, katikati ya picha iwe sentimita 145 kutoka chini, au 120 kama wageni wenu wengi ni watoto. Kuta zetu za mawe na chokaa hutoa jasho wakati wa masika. Wekeni vijiti vya sentimita 2 nyuma ya fremu hewa ipite, la sivyo karatasi itaota ukungu kabla ya Idi.

Mkiona kipande cha reli shambani, msikichimbue. Piga picha kikiwa na rula pembeni, andika mahali, kisha waarifuni Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Na msikisugue kwa brashi ya waya, kwani ubavuni mwa reli mara nyingi huwa pamechapwa jina la kiwanda na mwaka, nanyi mtavifuta. Pakeni chaki kavu juu juu, kwa ubapa wake, mtazame kwa tochi iliyolazwa pembeni. Herufi zitasimama zenyewe.