Kiinitete Kizuri kwa Macho

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba viinitete vyake vinne vyote, yaani mayai yaliyorutubishwa maabara na kuanza kukua, vimepimwa na kupatikana na hitilafu za kromosomu, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi, akaniuliza alikosea wapi. Nilikaa siku mbili bila kumjibu, kwa kuwa swali hilo niliwahi kujiuliza nikiwa na miaka 41, nikiitazama karatasi ya majibu yenye mistari mitatu tu.

Mtaalamu wa maabara alikuwa amenionyesha picha ya kiinitete changu cha kwanza, kikiwa na siku tano, akakisifu kuwa ni cha daraja la juu. Nikaomba picha ile na kuitia kwenye pochi. Hicho ndicho kilichokuwa na kromosomu ya 16 tatu badala ya mbili, hali ambayo, ikienea katika seli zote, huishia katika kuharibika kwa mimba. Hakuna aliyenionya kwamba kiinitete kinaweza kupendeza chini ya hadubini na bado kikawa na hesabu isiyo sahihi, na hilo linaniuma hadi leo.

Dada yangu, hukukosea. Mayai yako yalianza kugawanya kromosomu zake ungali tumboni mwa mama yako, yakasimama katikati, na kila yai huiendeleza kazi hiyo pale tu linapokaribia kupevuka. Katika miaka yote hiyo, protini zinazozishikilia kromosomu pamoja huzidi kulegea. Mimi nilimeza virutubisho vya kila namna, na miaka haikurudi. Acha kujihukumu, na usimpe mtu yeyote nafasi ya kukuhukumu.

Miezi iliyofuata naiacha. Katika mzunguko wa pili wa matibabu hayo ya kurutubisha mayai maabara niliingia nikiwa na maswali, na ninajivunia hilo karibu sawa na binti niliyempata. Uliza kwanza iwapo hitilafu imeonekana katika seli zote zilizopimwa au ni mchanganyiko, yaani baadhi ya seli ni nzima na nyingine zina hitilafu, kwani mwaka 2015 madaktari wa Italia walichapisha taarifa za watoto 6 wenye afya waliotokana na viinitete vya mchanganyiko. Uliza pia kipimo kinawakilisha nini, maana seli hizo chache huchukuliwa kwenye tabaka la nje linalojenga kondo, si kwenye seli zitakazokuwa mtoto.

Msomaji wangu ana miadi Alhamisi. Nimemsihi aandike maswali hayo mawili kwenye karatasi, kwa sababu mimi, siku ile ya majibu, nilipofika mlangoni nilikuwa nimekwisha kuisahau hata namba ya kromosomu.