Jibu: DNA ya matope ya Ziwa Natron

Ndugu, nimekuelewa: ulichota matope Ziwa Natron ukitafuta vimeng'enya vinavyostahimili magadi, lakini maabarani hapa Dar es Salaam DNA ikatoka kidogo, yenye rangi ya kahawia, na PCR (mbinu ya kunakili DNA mara nyingi) ikagoma. Rangi hiyo kwa kawaida huletwa na asidi za humiki, yaani mabaki ya viumbe vilivyooza, ambazo huzuia PCR. Osha matope kwa bafa (mmumunyo unaodhibiti pH) kabla ya kupasua seli za vijidudu vilivyomo, safisha DNA upya, kisha izimue mara 10, hatua rahisi ambayo binafsi imeniokoa mara nyingi. Baadaye, ukipandikiza jeni ya kimeng'enya ndani ya E. coli, bakteria wa kawaida wa maabara, nayo ikakaa kimya, usiitupe, maana huenda bakteria huyo hatambui promota ya jeni hiyo (kipande cha DNA kinachoiwasha); jaribu bakteria mwenyeji mwingine. Kabla ya kusafirisha sampuli nje ya nchi, muone msimamizi wako kuhusu vibali, ukianzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania.