Re: Nyumba za kaboni sifuri mjini, mtu wa kipato cha chini ataziweza kweli?

Mkuu umeuliza kama hizi nyumba za kaboni sifuri, yaani zisizoongeza hewa ya ukaa kwa hesabu ya mwaka mzima, ni za matajiri tu, mimi nasema hapana, ila pesa ipangwe tofauti. Angalia mtaa wa Goldsmith Street kule Norwich, Uingereza, nyumba 105 za halmashauri ya jiji, zimejengwa kwa kiwango cha Passivhaus (nyumba isiyopitisha upepo, inayohitaji nishati kidogo sana ya kuipasha joto) na mwaka 2019 zikabeba tuzo ya Stirling, ile kubwa ya usanifu majengo. Na ni nyumba za kupanga za watu wa kawaida! Kuta nene, nyumba zinaelekea kusini zipate jua la majira ya baridi, hata tundu la kuingizia barua walilitoa mlangoni wakaliweka barazani ili upepo usipenye. Mi hapo ndo nilipowavulia kofia, maana joto linapotea kwenye vitundu kama hivyo. Ukishabana matumizi ya nishati hivyo, paneli chache za sola zinaweza kukutosha.

Sasa pesa. Ardhi ndo inapandisha bei za nyumba mjini, kwa hiyo jiji likiwa na kiwanja chake au kikishikiliwa na jamii kisiuzwe tena, mzigo unapungua sana. Halafu mkopo wa kujengea uwe wa muda mrefu riba ndogo, na benki ihesabu kodi ya pango pamoja na bili ya umeme, siyo kodi peke yake, kwa sababu mpangaji asiyelipa bili kubwa anabaki na hela ya kulipa kodi. Benki nyingi hazitazami hivyo na inaniuma sana. Mafundi nao wafundishwe mapema, ukuta ukivuja hewa kurudia ni gharama.