Barua kwa mwanangu: simkimbii mama yako

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima, pamoja na wajukuu zangu. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Unauliza kama, tangu mama yako atutoke, naamka alfajiri kwenda kukimbia porini peke yangu kwa sababu nakikwepa kitanda kilichobaki na mtu mmoja. Umeuliza kwa upole, nakushukuru. Swali kama hilo halijibiki kwa simu.

Simkimbii mama yako. Huko njiani ndiko ninakoweza kumkumbuka bila kuzama.

Nikiwa nimekaa nyumbani, wazo moja hunizunguka hadi linichoshe: tungewahi, tungeuliza, tungefanya hivi. Njia ya porini hainipi nafasi hiyo. Kuna mizizi, kokoto, matope, mteremko unaokata kona ghafla. Jicho linatangulia hatua chache, mguu unaamua pa kukanyaga, kifundo kinajirekebisha kabla sijajua kimefanya nini. Kazi hiyo yote inaishughulisha akili ileile ambayo ingekuwa inatafuna majuto. Huzuni haiondoki, mwanangu. Inakuja nami, ila haishiki tena usukani. Kwenye lami sipati hilo, maana miguu inajiendea na kichwa kinaendeleza kesi zake zilezile.

Mwili nao una mambo yake. Homoni ya kotisoli hupanda asubuhi, na kwa watu wengi hufika juu kabisa dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka. Ni kawaida, ndiyo inayotuandaa kwa siku. Lakini aliyefiwa anapoamka na moyo tayari unadunda, kulala akitazama dari ni mateso. Mimi nauchukua ule mdundo nikautumie mlimani. Ile raha ya baada ya mbio tulizoea kusema ni endofini, kemikali ya mwili inayotuliza maumivu. Watafiti wa Ujerumani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2021, waliwapa wakimbiaji dawa ya kuzuia endofini isifanye kazi, na bado walimaliza mbio wakiwa na furaha zaidi na wasiwasi mdogo kuliko walipotembea. Sasa macho yanaelekezwa kwa endokanabinoidi, kemikali ambazo mwili hujitengenezea wenyewe. Na mwanga wa asubuhi, ukiingia machoni, huweka sawa saa iliyomo ndani ya ubongo, ile inayoamua tusinzie lini. Siku hizi usiku nalala. Hilo peke yake lingetosha kunitoa kitandani.

Mwendo wangu ni wa polepole, usidhani nashindana na mtu. Mlima ukikaza natembea. Kipimo changu ni maneno: kama naweza kumaliza sentensi bila kuhema, niko sawa. Na sentensi zenyewe namwambia mama yako. Namweleza habari zako, za watoto, za mambo aliyoyaacha katikati. Naongea kwa sauti kabisa. Ningekuwa na mwenzangu pembeni nisingeweza, na hapo ndipo penye jibu la kwa nini naenda peke yangu. Tangu msiba, watu wametuzunguka kwa wema mwingi, na kila mmoja anauliza naendeleaje. Nawapenda kwa hilo. Ila kila jibu lazima nilipange kidogo ili anayeuliza asiumie. Njiani hakuna anayehitaji nionekane imara. Kuna siku kilio kinanikuta kwenye mwinuko, pumzi inakatika, nasimama nimeshika magoti mpaka kipite, kisha naendelea. Narudi nimechoka miguu, kifua kikiwa chepesi, na ninaweza kumpokea yeyote atakayebisha hodi.

Kuhusu usalama, najua ndiyo hofu yako ya pili hata kama hukuiandika. Napita njia ninayoijua. Jirani anajua napita wapi na saa ngapi nirudi. Simu iko mfukoni, imezimwa sauti. Taa ya kichwani naivaa mpaka kupambazuke, na mteremko wenye mawe siushuki kabla sijauona vizuri. Masikioni siweki muziki, kwa sababu nataka kusikia kinachokuja nyuma yangu, na pia kwa sababu ndege wa saa ile wananitosha.

Nawe nikuulize. Siku ya mazishi ulisimamia kila kitu, ukapokea wageni, ukahesabu viti. Sikukuona ukilia, na katika ujumbe wako umeuliza habari zangu tu. Ukija mwisho wa mwezi, tutatoka pamoja siku ya kwanza nikuonyeshe njia. Siku ya pili utakwenda mwenyewe, mimi nitabaki na watoto. Beba viatu vyenye soli ya meno, kwa maana vile vyako vya barabarani vinateleza kwenye umande.

Baba yako