Mauzo Yamepanda, Jikoni Kumepungua

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tabata aliniandikia hivi: "Kaka, nyie mnaosema kila siku hali ngumu, hiyo hali mnaiona wapi? Kariakoo hapapitiki. Sinza siku ya Ijumaa hupati hata kiti. Kila Jumamosi kumbi zimejaa sherehe. Mimi naona watu wana hela, na mwakani nataka kufungua duka la vyakula. Niambie ukweli."

Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali lake limenikaa kichwani. Ndilo swali walilonitupia ndugu zangu wa damu, na jibu nililowapa lilinivunjia heshima kwenye familia kwa muda mrefu. Kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu, maana najua wengi mnaonisoma mna ndoto kama yake: duka lako, kisha la pili, kisha fremu zako mwenyewe.

Mimi ni mwenye duka Mbagala, Dar es Salaam. Wateja wananiita Mangi, kama wanavyowaita karibu wenye maduka wote wa mji huu. Nauza mchele, unga, maharage, sukari, mafuta na sabuni. Kila jioni naandika mambo mawili kwenye daftari: hela iliyoingia, na kilo zilizotoka. Wenzangu wengi wanaandika hela tu. Ile safu ya pili ndiyo iliyoniokoa, na nasema hivyo kwa kujivuna.

Chukua mchele. Kulikuwa na kipindi nauza gunia nne za kilo mia kwa wiki, kilo moja shilingi 2,000. Hiyo ni laki nane. Bei ilipopanda mpaka 3,200 mwanzoni mwa 2023, gunia zilizotoka kwa wiki zilibaki tatu. Piga hesabu: laki tisa na elfu sitini. Droo imenona kwa laki na elfu sitini zaidi, na anayeangalia droo peke yake atasema biashara imechanganya. Lakini mtaa wangu ulikuwa umeacha kula kilo mia moja za mchele kila wiki. Ni walewale, na watoto walewale, wengine wakiwa wameongezeka.

Jibu langu kwa msomaji wa Tabata limelala hapo. Watu kutoa hela nyingi na watu kuwa na hela nyingi ni mambo mawili tofauti. Bei ikipanda, mtu anatoa zaidi ili apate kilekile, au apate pungufu. Ukisimama barabarani unaiona noti inayotoka. Sahani huioni.

Muuzaji wangu wa jumla, mzee ninayemheshimu sana, aliniambia wakati ule: "Kijana, hela inaingia, chukua fremu ya pili, usilale." Jirani zangu wawili wa upande wa pili wa barabara walichukua. Walilipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo kama wenye nyumba wengi wa hapa mjini wanavyotaka, wakajaza mzigo, wakaweka rangi mpya. Mimi nilikataa, nikaambiwa mwoga, nikaambiwa nimezoea umaskini. Leo fremu zote mbili zina watu wengine: moja ni saluni, nyingine wanauza simu za mkopo. Sisemi hivi kwa kuwacheka. Mmoja wao alikuwa rafiki yangu na amerudi kwao. Nasema hivi kwa sababu mauzo yao yalikuwa yanapanda mpaka mwezi ule walipofunga.

Kuhusu Kariakoo nitasema kidogo tu. Wale wanaosukumana mtaa wa Kongo na Msimbazi si wa Dar peke yao. Wapo wafanyabiashara wa mikoani, wapo wanaotoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro, wamekuja kufunga mzigo. Msongamano wa soko linalolisha nchi jirani hauwezi kukuambia mama wa Mbagala Kizuiani amepika nini jana. Tena kuna watu wananunua haraka kwa akili kabisa. Anayejenga anajua bati likikaa dukani miezi sita litamshinda, hivyo anachukua leo hata kama mfuko unalia. Naye yumo kwenye foleni unayoihesabu wewe kama neema.

Njoo ukae nami nyuma ya kaunta saa kumi na moja jioni, ndipo utaona. Kuna mama mmoja, mteja wangu wa miaka, zamani alikuwa anachukua dumu la mafuta la lita tano mwisho wa mwezi na kulibeba mwenyewe kichwani. Siku hizi anamtuma mtoto na chupa ndogo: "Mangi, mama kasema mafuta ya buku." Kesho yake tena buku. Ikifika tarehe za ishirini na kitu, anakuja na jero, mia tano. Sasa angalia anavyoumia. Dumu la lita tano kwangu lilikuwa 26,000, yaani lita moja 5,200. Kwenye lita moja natoa vipimo saba vya buku, ambavyo ni 7,000. Kwa kila lita anaongeza 1,800, si kwa kupenda, ila kwa sababu hawezi kuishika ile 26,000 kwa mara moja. Kutwa yuko dukani kwangu, na ukimhesabu kwa safari zake utasema ni mteja mzuri kuliko zamani. Hata kwa hela si ajabu akaonekana yuleyule. Mafuta kwenye kikaango ndiyo yamepungua.

Kila kitu kimekwenda hivyohivyo: sukari ya kufungwa kwenye vimfuko, majani ya chai ya kijiko, sabuni ya kipande, umeme wa elfu mbili mbili. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uzalishaji wa viwanda na kilo ya sukari ikapita elfu nne, niliuza vimfuko vya sukari kuliko wakati wowote. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopaisha mafuta ya kula na petroli, mambo yalikuwa hayohayo. Nauli ya daladala ya njia fupi nayo ilitoka 400 ikaenda 500 mwaka 2022, kisha 600 Desemba 2023. Anayepanda mbili kwenda na mbili kurudi anatoa 800 zaidi kwa siku kuliko zamani, kabla hajanunua hata andazi.

Najua kuna watakaoniambia: lakini takwimu zinasema mfumuko wa bei uko chini. Ni kweli, na mimi sibishani na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Januari 2023 ulikuwa asilimia 4.9, na kwa mwaka 2024 wastani ukawa karibu asilimia 3.1, ndani ya lengo la Benki Kuu la asilimia 3 mpaka 5. Nchi nyingi zinatamani namba hizo. Ila uzielewe. Asilimia 3 haimaanishi bei zimerudi zilikokuwa. Inamaanisha zinapanda polepole kutoka pale juu zilipokwishafika. Pili, kikapu cha bidhaa na huduma kinachotumika kupima bei kinakipa chakula uzito wa asilimia 28.2, kwa sababu ni wastani wa nchi, matajiri na maskini pamoja. Kwa mteja wangu anayelipwa kwa siku, chakula ni zaidi ya nusu ya kila anachokishika. Mchele ukipanda, kwake umepanda zaidi kuliko ile namba inavyosema. Nyongeza ya kima cha chini cha mishahara ya serikali iliyotangazwa Mei Mosi 2025, kutoka 370,000 hadi 500,000, ilikuwa jambo jema, lakini kwenye daftari langu waajiriwa wa serikali wanahesabika kwa vidole. Wengine ni mama lishe, bodaboda, mafundi, wamachinga. Hao hawana Mei Mosi.

Wala jambo hili halijaanzia kwetu. Marekani mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 Juni 2022, na madukani watu waliendelea kununua mpaka wengi wakasema wananchi wako imara. Takwimu za mauzo ya rejareja za kule hutolewa bila kuondoa ongezeko la bei, kwa hiyo sehemu ya yale "mauzo mazuri" ilikuwa ni bei tu. Wapo waliokuwa na akiba ya kweli ya kipindi cha korona, hilo lisifichwe. Lakini kiwango cha kuweka akiba kilishuka sana, na mwaka 2023 madeni ya kadi za mkopo yakavuka dola trilioni moja. Hela ilitumika kweli, na sehemu yake ilikuwa ya kesho.

Sasa nifike kwa ndugu zangu.

Kaka yangu mkubwa anakaa Kimara. Ana gari, ana nyumba yenye geti, na tangu utoto mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea begi. Binti yake alipopata mchumba, kamati ikaundwa, kundi la WhatsApp likafunguliwa, kadi za michango zikatoka. Mimi niliahidi elfu hamsini na nikaitoa siku ya kwanza, taslimu. Shangazi mmoja akaandika mbele ya watu zaidi ya mia: "Mwenye duka zima anatoa hamsini, sisi wapangaji tutoe nini?" Watu wakajaza vicheko. Kaka yangu alisoma, nikaziona tiki za bluu, na hakuandika neno. Sherehe ilifana, siwezi kudanganya. Kamera ile ya kuruka, keki ya ghorofa, MC wa bei mbaya. Nilikaa meza ya nyuma.

Ilipita kama miezi mitatu, kaka akaja dukani usiku nikiwa nafunga. Nikamwamkia, nikampa kiti. Akakaa kimya, kisha akasema, "Mdogo wangu, usinihukumu." Ukumbi ulikuwa haujamalizwa kulipwa. Ahadi nyingi za kwenye kundi hazikutoka. Gari lilikuwa limewekwa dhamana kwa wale wa mikopo ya kausha damu, riba inahesabiwa kwa wiki. Na wakati huohuo wote, mimi na ukoo mzima tulikuwa tunaamini Kimara wako vizuri, kwa sababu tulikuwa tunaona wanavyotumia.

Nilimsaidia. Nilimpa mchele na unga wa miezi miwili na sikumwandika kwenye daftari. Hela sikumpa, kwa sababu ingeishia kwa wenye riba. Shangazi hajaniomba radhi mpaka leo, na ninyi wasomaji wangu ninawaambia ukweli: bado inaniuma. Nadhani naruhusiwa kusema baada ya hapo.

Ndugu zangu, acheni kupima maisha ya mtu kwa anachotoa. Acheni kuwatukana wanaotoa kulingana na mfuko wao. Vyuma vimekaza kwenye nyumba nyingi ambazo mapazia yake yanavutia, na tunazidi kuvikaza sisi wenyewe kwa kudaiana sherehe. Wewe unayemsema mwenzako bahili kwenye kundi, unajua watoto wake wamekunywa uji wa nini asubuhi? Na wewe unayeahidi laki ili jina lako lisomwe, huku unajua huna, unamwachia deni bwana harusi. Hiyo ni dhuluma, hata kama imefungwa utepe.

Kwa wewe unayetaka kuijua hali ya nyumba yako, angalia kilo. Andika ulichonunua kwa kipimo, si kwa shilingi peke yake. Matumizi yakipanda na kilo zikashuka, umepungukiwa, hata kama mshahara umeongezwa. Angalia pia tarehe. Ukianza kununua kwa buku tarehe ishirini na nane, ni kawaida ya mjini. Ukianza tarehe kumi na mbili, kaa chini na mwenzako usiku huohuo mzungumze. Na tafuta namna ya kununua kwa wingi: majirani watatu wakichanga dumu moja la mafuta, kila mmoja anaokoa ile 1,800 kwa lita. Kwangu wapo wanaofanya hivyo na ninawagawia mwenyewe bila kinyongo.

Kwa msomaji wa Tabata: fungua duka, ila hesabu kilo tangu siku ya kwanza, na fremu ya pili usiiguse mpaka kilo zipande kwa muda mrefu mfululizo. Hela ya droo isikudanganye.

Na kwa wale waliokwishaingia kwenye mikopo ya simu, mjue kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Kabla hujabonyeza "kubali", hakikisha anayekukopesha ana leseni. Ukishakuwa na madeni mawili au matatu, anza na lile lenye riba ya wiki, hata kama kikoba ndicho kinachokutia aibu zaidi. Wengi wanakimbilia kulipa kikoba kwanza kwa sababu wanachama wanakutana nao kila Jumapili, huku lile la wiki likiongezeka kimyakimya. Nenda kwa mwenyekiti wa kikoba, mweleze, omba wiki mbili. Nimewaona wengi wakifanya hivyo, na wengi wamekubaliwa.