Ukisikia kampuni ya simu inayumba, uliza kwanza inadaiwa na nani

Wanaojua kazi yangu huniuliza swali moja: je, Telkom Kenya itainuka tena? Kuna anayeuliza kwa sababu ameishika laini yake tangu enzi ilipoitwa Orange, kuna aliyeahidiwa kibarua cha ufundi, na kuna wapenda ubishi tu. Ubishi wenyewe naujua unakoelekea. Haupiti muda kampuni imeshasahauliwa, watu wanagombania 5G na setilaiti, na kila mmoja ana teknolojia anayoamini ndiyo itaiokoa.

Nimetunza minara ya simu Bonde la Ufa kwa miaka mingi, chini ya wakandarasi, na ninachomshauri yeyote anayetaka kujadili mtandao unaoyumba ni kuiweka teknolojia kando kwanza. Aulize: kampuni hii inadaiwa na nani kila mwezi, na anayedai asipolipwa ana uwezo wa kuzima nini?

Mnara wa simu unakula pesa usiku na mchana, hata pale ambapo hakuna anayepiga simu. Stima ikikatika, betri zinabeba mzigo. Betri zikichoka, jenereta inawaka, na jenereta haiwaki bila dizeli. Kuna msimu tulizungukia minara ya kampuni moja ambayo malipo yake kwa msambazaji wa dizeli yalikuwa yamekwama. Unafika mlimani, unafungua kabati, unakuta taa nyekundu, na kipimo cha betri kinashuka huku unakitazama. Mtambo umepangwa kujinusuru: betri zikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, redio zinazohudumia simu za watu hukatwa kwanza, na umeme kidogo unaobaki huachiwa vifaa vinavyouunganisha mnara huo na minara iliyo mbele yake, maana navyo vikizimika bonde zima linakosa mawasiliano. Basi mnara unakuwa hai lakini hauhudumii mtu. Mama anayeuza maziwa pale chini anaona simu yake haina mtandao, na vijana wanamwambia kampuni hiyo ina mitambo ya kizamani. Mitambo ilikuwa mipya. Kilichokosekana ni dizeli.

Sasa itazame Telkom kwa jicho hilo. Ilizaliwa 1999, shirika la serikali la Posta na Simu lilipogawanywa. Desemba 2007 France Télécom ilinunua asilimia 51 kwa dola milioni 390, na mwaka uliofuata huduma ya simu za mkononi ikaanza kuuzwa kwa jina la Orange. Wakati huo Safaricom ilikuwa tayari imezindua M-Pesa, Machi 2007, na kwa maoni yangu hapo ndipo vita viliamuliwa, kuliko kwenye minara. Mtu hahami kirahisi mtandao ambao pesa zake na za jamaa zake wote hupitia humo. Orange ilileta huduma yake ya pesa 2010, Telkom ikaleta T-Kash 2018, na mara zote mbili zilikuta watu wameshazoea pengine.

Kisha kuna bili ambayo wabishi wengi hawaijui kabisa: ada ya kupokelewa simu. Ukipiga kutoka mtandao wako kwenda mwingine, mtandao wako unaulipa ule unaopokea, kwa kila dakika. Kampuni ndogo, ambayo karibu kila rafiki wa mteja wake yuko kwa mshindani, simu zake nyingi zinatoka nje. Kwa hiyo inamlipa mshindani wake mkubwa kila mteja wake anapofungua mdomo. Mwaka 2010 Tume ya Mawasiliano ilishusha ada hiyo kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21, na Agosti mwaka huo Zain, ambayo leo ni Airtel, ikateremsha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika. Wateja tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini fanya hesabu upande wa pili: uza dakika kwa 3, mlipe jirani 2.21, unabaki na senti 79 za kulipia mnara, dizeli, mishahara na ushuru. Orange ililazimika kushindana kwa bei hizo. Hata yuMobile, mtandao mdogo wa kampuni ya Essar ulioingia mwishoni mwa 2008, ulivunjwa 2014: wateja wakaenda Airtel, mitambo ikaenda Safaricom.

Orange nayo ikaondoka. Mwaka 2016 Helios, kampuni ya uwekezaji yenye makao London, ilichukua asilimia 60 na serikali ikabaki na 40. Miaka miwili baadaye minara 723 iliuzwa kwa American Tower, kampuni ya Marekani inayokodisha minara. Hapa naomba msomaji asikimbilie kulaumu, kwa kuwa kuuza minara na kuikodi ni jambo ambalo kampuni nyingi za Afrika zimelifanya, na zipo zilizofaidika. Ni sawa na kuuza nyumba yako kisha ukaendelea kuishi ndani kama mpangaji. Pesa unazipata mara moja, kodi unalipa kila mwezi, na mwenye nyumba akichoka kudai anafunga mlango. Mwaka 2023 ndivyo ilivyokuwa. Wateja wa Telkom walipoteza mtandao sehemu nyingi za nchi kwa sababu ya deni la minara. Mwaka huohuo shilingi ilidhoofika kutoka kama 123 kwa dola hadi kukaribia 160, na vifaa vya mitandao hununuliwa kwa dola.

Mjomba wangu ni mstaafu wa Posta na Simu na hataki kabisa kusikia kwamba kampuni ile imekwisha. Tukikutana nyumbani kwake hatumalizi chai kabla ya kulifikia jambo hilo.

"Mpwa wangu, wewe macho yako yako juu ya minara. Utajiri wa kampuni ile uko chini ya ardhi na chini ya bahari."

"Nakubali, mjomba. Lakini nyaya hizo zinalipa kodi ya mnara ya mwezi huu?"

"Hazilipi kwa sababu hazijapata watu wa kuziuza."

Mjomba ana hoja nzito, na ningependa wabishi waichukue. Telkom ina hisa katika TEAMS, mkongo wa intaneti wa chini ya bahari uliofika Mombasa 2009. Ilihusika kuuleta LION2, mkongo mwingine wa baharini, pwani ya Kenya, na ndiyo iliyokabidhiwa kuendesha mkongo wa taifa unaofika makao ya kaunti. Kampuni iliyokauka mfukoni si lazima iwe haina mali. Ukitaka mfano wa mbali, waulize Wakenya waliokuwa Marekani na laini za Sprint. Kampuni ile ilizama kwenye madeni baada ya kuungana na Nextel 2005, ikaicheza karata ya WiMAX, teknolojia ya intaneti isiyo na waya, wakati wenzake wakielekea LTE, ile tunayoiita 4G, na wateja wakaikimbia. Pamoja na hayo ilikuwa imeshikilia masafa mengi ya 2.5 GHz, yaani nafasi ya hewani ya kupitishia mawimbi ya simu. T-Mobile ilipoichukua Aprili 2020, masafa hayo ndiyo yaliyoipa nguvu 5G yake. Waliofaidika ni wanunuzi. Mteja aliyevumilia huduma mbovu kwa miaka kadhaa akisubiri teknolojia ijayo hakurudishiwa chochote, na hilo ndilo ninalomkumbusha mjomba: thamani ya kampuni mbele ya mnunuzi na ubora wa huduma mkononi mwako ni mizani miwili tofauti.

Kisa ambacho kwangu kinafundisha kuliko vyote ni cha maputo. Julai 2020 Telkom ilizindua intaneti ya 4G kwa kutumia maputo ya Loon, kampuni ya Alphabet, mzazi wa Google. Yalikuwa kama 35, yakielea kilomita 20 hivi juu angani kwa nishati ya jua, yakipanda na kushuka kutafuta upepo wa kuyapeleka yanakotakiwa. Eneo lililolengwa lilikaribia kilomita za mraba 50,000, kuanzia Iten na Eldoret hadi Baringo, Nakuru, Kisumu, Kisii na Narok. Simu ya kawaida ya 4G iliweza kuyashika bila kifaa cha ziada. Kama fundi nakiri nilivutiwa sana. Kuna mabonde Baringo ambayo kuyafikishia mnara ni kuchonga barabara kwanza, kisha kupeleka saruji, kisha tenki la dizeli, na hapo bado hujaanza kulipa mlinzi.

Januari 2021 Loon ilitangaza kufungwa, na kufikia Machi huduma ilikuwa imekoma Kenya. Mkuu wake, Alastair Westgarth, alieleza kwamba hawakupata njia ya kushusha gharama kiasi cha kujenga biashara ya kudumu. Teknolojia haikushindwa. Maputo yaliruka, simu ziliunganishwa. Lakini wakazi wa maeneo yale ni wachache, wametawanyika, wengi hawakuwa na simu ya 4G, na bando wanalomudu ni dogo. Mapato ya aina hiyo hayalipii chombo kinachotumwa angani na kubadilishwa kila baada ya miezi michache. Na Telkom, ambayo ndiyo ingekusanya pesa kutoka kwa wateja hao, ilikuwa na bili za ardhini zinazoisubiri. Agosti 2020, maputo yakiwa bado yanapepea juu yetu, mpango wa kuungana na Airtel uliotangazwa Februari 2019 ulivunjika baada ya vikwazo vingi. Mimi naona kuvunjika kwa mpango huo kuwa jambo kubwa kuliko maputo, ingawa maputo ndiyo yaliyopata picha nzuri.

Agosti 2022, siku chache kabla ya uchaguzi, serikali ilitoa shilingi bilioni 6.09 kununua asilimia 60 ya Telkom iliyokuwa mikononi mwa Helios. Serikali iliyofuata ikaubatilisha mpango huo, na 2023 ikatafuta mnunuzi kutoka Falme za Kiarabu. Sitaingia kwenye siasa zake. Ninachotaka uone ni kwamba pesa hizo zilikwenda kwa mwenye hisa aliyekuwa akiondoka. Kumlipa mwenye hisa hakuongezi mnara wala hakulipi dizeli, na ukisoma habari ya "mwekezaji mpya", angalia kama pesa zinaingia ndani ya kampuni au zinapita mlangoni tu.

Basi mtu akikuambia setilaiti zinazoongea na simu moja kwa moja ndizo zitakazoziokoa kampuni ndogo, msikilize kwa heshima, teknolojia hiyo ni ya kweli na itawafaa wafugaji wa kaskazini. Kisha muulize nani atamlipa mwenye setilaiti, kwa sarafu gani, na kutoka kwa wateja wangapi. Kuhusu 5G, Safaricom iliizindua kibiashara Oktoba 2022 ikiwa na zaidi ya asilimia 60 ya wateja wa nchi, yaani ilikuwa na watu wa kuibebea gharama. Jamii Telecom, kampuni ya intaneti ya hapa Kenya, ilichagua njia nyingine ninayoiheshimu: mtandao wake wa simu, Faiba 4G, ulianza Desemba 2017 kwa masafa ya 700 MHz, ambayo hufika mbali kwa minara michache, na kampuni ilikuwa tayari na nyaya zake mjini.

Kijana aliyeahidiwa kazi ya ufundi kwenye mtandao unaoyumba, kazi ichukue, ujuzi wa minara hauozi. Ila jua ni nani anayekulipa. Mara nyingi wewe uko chini ya mkandarasi mdogo, yuko chini ya mkubwa, naye anasubiri kampuni ya minara, inayosubiri mtandao. Deni la juu likichelewa mwezi mmoja, kwako linafika likiwa limechelewa miezi mitatu. Omba kulipwa kwa kila kazi iliyokamilika na usikubali kununua dizeli au vipuri kwa pesa zako.

Na kwa mwenye laini: hakuna ulazima wa kuitupa. Bando lake likiwa la bei nafuu na linashika vizuri nyumbani kwako jioni, watu wote wakiwa mtandaoni, litumie. Usiweke humo salio la simu zaidi ya matumizi ya wiki, na usiifanye kuwa namba pekee ya benki. Kuhama na namba yako kunaruhusiwa Kenya tangu 2011. Ukiamua kubadilisha namba iliyo benki, fanya hivyo laini ya zamani ikiwa bado inashika, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha mara nyingi hutumwa kwenye namba ileile unayoiacha.